Wakuu, hivi kuweka linki ya saiti ya mtu mwingine ni mpaka uombe ruhusa?

fundi_sindano

Habari za mida hii wakuu na dada zangu wote humu. Naomba mnisaidie maana leo siku ya tatu usingizi siupati vizuri.

Nina saiti yangu ndogo ya mambo ya cherehani, nimeianzisha miaka minne iliyopita kwa ajili ya watu wanaotengeneza wenyewe mashine za zamani, zile ambazo vipuri vyake havitoki tena na ukiuliza unaambiwa tupa ununue nyingine. Vitu vingine naandika mwenyewe, mfano uzi ukijisokota na kujaa chini ya kitambaa wengi wanakimbilia kugusa bobini wakati mara nyingi tatizo liko juu, uzi haujaingia katikati ya zile sahani mbili za kubana kwa sababu mtu alitunga uzi huku mguu wa mashine umeshuka. Vitu kama hivyo. Lakini ukurasa unaofunguliwa kuliko zote sio huo, ni ukurasa mmoja una linki kama 140 hivi, kila moja inakupeleka kwenye saiti ya mtu mwingine, kuna wenye vitabu vya maelekezo vya PDF, kuna wenye michoro, kuna wenye vidio.

Sasa juzi nimepata imeili kutoka kwa mwenye saiti mojawapo. Anasema nimejiunganisha na vitu vyake bila ruhusa, kanitajia kurasa zangu tatu, kanipa siku saba niondoe vyote la sivyo atachukua hatua. Nikaenda kwenye saiti yake nikashuka mpaka chini kabisa, kweli kuna maandishi madogo yanasema hairuhusiwi kuweka linki ya saiti hii bila idhini ya maandishi. Miaka yote hii sijawahi kuyaona. Yani mwili ulinisisimka, nikaanza kuwaza hao wengine 140 je, sijamuomba hata mmoja.

Naomba kujua, ni kweli sheria inataka uombe? Na je niwaandikie wote mmoja mmoja? Alafu kuna wazo nimekuwa nalo, kwa kuwa linki ndo zina shida nimefikiria nidaunlodi zile PDF zote niziweke kwenye seva yangu, yani ile kompyuta inayohifadhi saiti yangu, hapo si nitakuwa sijajiunganisha na mtu yeyote? Sitaki kudhulumu jasho la mtu, nataka tu hii kazi isife maana kuna watu wananiandikia mashine ya bibi yao imerudi kushona.

mlinzi_wa_seva

Mkuu simama hapo hapo, hizo PDF usizidaunlodi. Hapo unatoka pazuri unakimbilia pabaya.

Linki ukiichungulia ndani ni anwani tu, herufi chache zinazoiambia brauza ya msomaji nenda kule. Msomaji akibonyeza, brauza yake inaenda kumpigia hodi mwenye saiti moja kwa moja na seva ya mwenye saiti ndo inaamua impe ule ukurasa au imnyime. Wewe hapo katikati haupo, hujashika kitu cha mtu. Na mwenyewe bado ana mamlaka yote, akitaka anaweka paswedi, anafuta, anahamisha. Lakini ukidaunlodi ile PDF ukaiweka kwako sasa ipo nakala ya pili ambayo hana uwezo nayo tena, akirekebisha kosa kwenye kitabu chake kwako kosa linabaki, akiamua kukitoa kwako bado kipo. Hakimiliki inahusu hasa hicho, kunakili na kusambaza nakala. Kwaiyo unaacha kitu ambacho kwa kawaida hakihitaji ruhusa unaenda kufanya kile ambacho kinahitaji.

Ila kuna jambo nataka ujichunguze kabla ya kumjibu huyo bwana. Watu tunaita "linki" vitu ambavyo havifanani. Kuna linki ya kubonyeza, hiyo nimeshaieleza. Kuna picha, unaandika kwenye ukurasa wako anwani ya picha iliyoko kwenye seva ya mtu na picha inatokea kwako kama yako, msomaji hajabonyeza chochote na wala hajui imetoka wapi. Na kuna frem, unafungua ukurasa mzima wa mtu ndani ya ukurasa wako, kichwa cha habari chako, matangazo yako pembeni, maudhui ya mwenzio katikati. Hizi mbili za mwisho ndo zinazochoma watu. Wewe una zipi?

Bi_Hati

Kaka fundi pole, punguza presha kwanza. Kazi yangu ni ya sheria ila mimi sio wakili wako na kila nchi ina sheria yake, kwaiyo haya yachukue kama pa kuanzia, ukiitwa mahakamani kweli tafuta mtu wa huko uliko.

Swali lako limeshaulizwa mahakamani mara nyingi. Ulaya kesi kubwa ni ya Svensson, iliamuliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya tarehe 13 Februari 2014. Waandishi wa Uswidi makala zao zilikuwa wazi kwenye saiti ya gazeti la Göteborgs-Posten, kampuni ya Retriever Sverige ikawa inawapa wateja wake linki za kwenda kwenye makala hizo, waandishi wakadai walipwe. Mahakama ikasema kama makala iko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti, anayeweka linki haileti kwa watu wapya, hao watu walikuwa wanaweza kuifikia tangu mwanzo, basi ruhusa haihitajiki. Lakini wakaongeza kitu watu hupenda kukiruka: kama ukurasa umefungiwa kwa waliolipia tu na linki yako inawapitisha wasiolipa, hapo hali inabadilika, umewafikishia watu ambao mwenyewe hakuwakusudia.

Marekani mwaka 2000 kwenye kesi ya Ticketmaster na Tickets.com jaji alisema linki yenyewe haivunji hakimiliki, akaifananisha na ile kadi ya maktaba inayokuonyesha kitabu kiko rafu gani. Mfano huo mimi naupenda sana, maana kadi ya maktaba haijawahi kuwa kitabu.

Na usidhani mambo yalikuwa laini hivi tangu zamani. Mwaka 1996 huko visiwa vya Shetland, Scotland, saiti mbili za habari zilipelekana mahakamani, Shetland News ilikuwa inachukua vichwa vya habari vya Shetland Times inavigeuza linki zinazoingia moja kwa moja kwenye habari, msomaji hapitii ukurasa wa mwanzo wa mwenyewe. Jaji akatoa zuio la muda. Mwaka uliofuata wakapatana kabla kesi haijafika mwisho, linki zikaruhusiwa ila kila moja iwe na lebo inayosema hii ni habari ya Shetland Times. Angalia walichopatana, jina tu la mwenye kazi lionekane. Kaka angalia linki zako kama zina jina la mwenyewe au umeandika tu "bonyeza hapa".

Sasa penye hatari kweli. Mwaka 2016, tarehe 8 Septemba, mahakama ile ile ya Ulaya iliamua kesi ya GS Media, wenye saiti ya Uholanzi ya GeenStijl. Hao waliweka linki ya picha zilizovuja za jarida kabla hazijatoka, mchapishaji akawaandikia watoe, wakakataa, zile zilipofutwa wakaweka linki nyingine. Mahakama ikasema ukijua au ulipaswa kujua kwamba kilichoko kule kimewekwa bila idhini ya mwenye haki, linki yako inaweza kuwa kosa, na kama unafanya kwa faida ya kipesa unachukuliwa kwamba ulijua mpaka uthibitishe vinginevyo. Kwaiyo katika hizo 140, swali sio umeomba au hujaomba. Swali ni hicho kitabu cha maelekezo kimewekwa na nani? Na kiwanda chenyewe, na mtu aliyeruhusiwa, au na mtu aliyekiskani akakitupa mtandaoni? Hiyo kazi ya kukagua ifanye, na saiti yako kama ina matangazo ifanye kwa makini zaidi.

Yale maandishi madogo chini ya saiti, kwa kawaida mkataba unahitaji watu wawili waliokubaliana, na mtu ambaye hakuyaona wala kubonyeza nimekubali ni vigumu kumfunga nayo. Ila siwezi kukuambia hayana uzito kabisa kila mahali. Hata redio kubwa ya umma ya Marekani, NPR, mwaka 2002 ilikuwa na fomu ya kuomba ruhusa ya kuweka linki, watu wakalalamika sana mpaka wakaiondoa.

picha_za_jikoni_kwangu

Mimi naomba niongee kwa niaba ya upande wa pili maana naona wote mnamtetea mleta mada, na mimi simlaumu ila nataka ajue upande ule unaumaje.

Nina saiti ya picha za mimea, nazipiga mwenyewe, jani moja naweza kukaa nalo asubuhi nzima nasubiri mwanga. Mwaka mmoja saiti ikaanza kuzimika kila ikifika tarehe ishirini na kitu, kampuni inayonihosti inaniambia data yako ya mwezi imeisha. Nikashangaa maana wageni wangu hawajaongezeka. Kuja kuangalia kwenye logi za seva, ile kumbukumbu ya nani kaomba nini, nakuta picha moja, jani la muarobaini lenye tone la maji, inaombwa maelfu ya mara kwa siku, na maombi yote yanatoka kwenye saiti moja nisiyoijua. Walikuwa wameiweka picha yangu juu kabisa ya ukurasa wao wa mwanzo, kwa anwani ya seva yangu. Kila mtu akifungua saiti yao mimi ndo nalipa. Jina langu halipo popote, na watu wanaopenda ile picha wanawapongeza wao.

Niliwaandikia mara mbili. Wakanijibu wao hawajanakili kitu, wameweka linki tu.

Mnaona? Hilo neno "linki tu" ndo lilinitoa machozi. Mwisho niliweka amri kwenye seva, ombi la picha likitoka kwenye ukurasa ambao sio wangu linakataliwa, na saiti ikarudi kupumua. Kwaiyo fundi, shikilia kidole kwenye kila picha ya kwenye zile kurasa tatu ulizotajiwa, fungua picha kwenye dirisha jipya, soma anwani juu. Kama inaanza na jina la saiti ya huyo bwana basi analalamika haki, hata kama neno alilotumia sio lenyewe.

mlinzi_wa_seva

Pole sana dada, hiyo ni mbaya. Na kisheria hapo mahakama zenyewe hazikubaliani. Marekani kesi ya Perfect 10 na Amazon, 2007, mahakama ya rufaa ilisema anayeionyesha picha ni yule ambaye picha imehifadhiwa kwenye seva yake, sio aliyeiita tu. Mwaka 2018 jaji wa New York akaenda njia nyingine, magazeti yaliyopachika posti ya Twitter yenye picha ya mtu hayakuweza kujificha nyuma ya hoja hiyo ya seva. Ulaya nako mwaka 2021 waliamua kama mwenye kazi ameweka kizuizi cha kiufundi dhidi ya frem, ukikizunguka ukaionyesha kwako unahitaji ruhusa yake. Maana yake ile amri uliyoweka kwenye seva yako huko ingekuwa na uzito kisheria pia, sio kuokoa data peke yake.

Na fundi, kitu kidogo cha kiufundi, usiunganishe na faili la PDF lenyewe, unganisha na ukurasa unaolibeba hilo faili. Mtu akitua kwenye PDF moja kwa moja hamwoni mwenye saiti, hasomi onyo kwamba toleo hili sio la mashine yako, haoni kitufe cha kuchangia. Alafu mafaili huhamishwa jina kila mara, ukurasa hudumu zaidi. Vidio pachika kwa kutumia kitufe cha kushea alichokiacha mwenyewe kwenye ile huduma ya vidio, akikizima heshimu.

mzee_wa_modemu

Vijana mmesema vizuri. Mimi niko kwenye haya mambo tangu modemu zinalia, naongezea machache.

Aliyeanzisha wavuti, Tim Berners-Lee, alipopeleka wazo lake pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, mwaka 1989 jambo lenyewe lilikuwa hili, hati ya hapa iweze kuelekeza kwenye hati ya kule bila wenye hati kukaa kikao. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakaiachia teknolojia yenyewe kwa watu wote bure. Mifumo ya kabla yake ilishindwa kukua kwa sababu nyingi, lakini fikirieni kama kila linki ingehitaji barua, hata hii ya kujibizana hapa isingekuwepo. Mwaka 2002 kampuni ya simu ya Uingereza, BT, ilidai mahakamani Marekani kwamba hataza yake ya zamani, yani haki ya kumiliki uvumbuzi, inaifanya imiliki linki zenyewe, jaji akalitupa dai. Kwaiyo mimi nasimama na uhuru wa kuweka linki na nitasimama nao mpaka nife.

Lakini kuna mahali mimi naomba ruhusa, na hakuna sheria iliyonilazimisha. Miaka ya nyuma nilikuwa naendesha saiti iliyokuwa na wasomaji wengi. Nikakutana na ukurasa wa mama mmoja aliyekuwa anaandika habari za mwanae mgonjwa, leo kala vijiko viwili, leo homa imeshuka usiku. Ukurasa ulikuwa wazi, hakuna paswedi. Niliguswa nikaweka linki kwa nia njema kabisa na maneno mawili ya kumwombea. Kesho yake ukurasa umefutwa. Baadae akaniandikia kwa upole kwamba alikuwa anawaandikia ndugu zake kumi na wawili tu, aliamka akakuta mamia ya watu wasiojulikana wanampa ushauri wa dawa. Aliacha kuandika. Yule mtoto sikujua habari zake tena.

Tangu siku ile, ukurasa wa mtu binafsi anayeandikia watu wake namuandikia kwanza, namwambia nataka kuwaleta wageni kwako, uko tayari? Wengi wanafurahi. Wachache wanasema hapana na nakubali. Ila kiwanda, gazeti, chuo, ofisi, saiti iliyowekwa ili isomwe na dunia, hao siwaombi.

Bi_Hati

Mzee wangu shikamoo, hilo la yule mama limenigusa. Ni kweli, kuwa wazi sio sawa na kutaka kutangazwa.

Fundi, umechunguza?

fundi_sindano

Nimerudi wakuu, samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa nafanya kama dada wa picha alivyosema.

Alikuwa sahihi. Kwenye zile kurasa tatu nilikuwa na picha 11 ambazo zote anwani yake ni seva ya huyu bwana. Sasa nimekumbuka, mwaka wa kwanza nilikuwa sijui kupandisha picha, nikawa nabofya kulia nakopi anwani ya picha napesti kwangu, picha inatokea, nikajua ndo inavyofanywa. Miaka minne kila mtu akifungua ukurasa wangu alikuwa anamlipisha yeye, na chini ya picha sijaandika hata jina lake. Kuna mchoro mmoja wa njia ya uzi kuanzia kwenye kigingi cha juu mpaka kwenye tundu la sindano, ameuchora kwa mkono namba moja mpaka tisa, na ule mchoro ndo watu wengi walikuwa wananishukuru mimi.

Nimezitoa zote 11 usiku ule ule. Nikamwandikia, sikubishana nae habari za linki, nikamwambia picha nilizitumia vibaya kwa kutojua, nimeziondoa, naomba radhi kwa data yako na kwa jina lako. Nikamuuliza linki za kawaida zinazomleta msomaji kwenye kurasa zake kama zinamkera, ingawa hapa nimeshaelewa sikulazimika kuuliza.

Amejibu leo asubuhi. Anasema linki hazijawahi kumkera, alikuwa anaongelea picha na hakujua aziiteje. Yale maandishi ya chini aliyakuta kwenye saiti nyingine akayakopi hivyo hivyo na atayaondoa. Na ule mchoro wa namba moja mpaka tisa amenitumia faili lake zuri kabisa, kaniruhusu niuweke kwenye seva yangu mwenyewe kwa sharti jina lake liwe chini yake. Nimeliandika kwa herufi zinazosomeka.

Kazi iliyobaki ni zile 140. Nimeshapitia 38, saba nimezitoa kwa sababu ni vitabu vilivyoskaniwa na watu wasioeleweka na kiwanda chenyewe kinavyo kwenye saiti yake, nimepeleka linki huko. Nne zilikuwa zimekufa, ukurasa haupo. Kila iliyobaki nimeandika jina la mwenyewe, na zile za PDF nazihamishia kwenye ukurasa unaozibeba kama mlinzi alivyoshauri. Mtu akiona nimekosea sehemu aniambie, narudi kuendelea na ya 39.